Kuna Kupanda Ngazi, na Kuna Kuivunja

Ukimuuliza mtu yeyote hapa Isiolo Wahindi walifanya nini katika historia ya Kenya, atakupa majibu mawili: walijenga reli, halafu wakafungua maduka. Basi. Ukimsukuma kidogo ataongeza chapati. Sijakutana na mtu aliyeniambia kwamba kuna Mhindi aliyefungiwa huku kwetu kaskazini zaidi ya miaka 11, bila kuua mtu, bila kuiba, bila hata kurusha jiwe. Kosa lake? Alisimama kwenye ukumbi mmoja Nairobi akasema nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili, na zipewe sasa.

Leo tuongee kuhusu huyo jamaa. Lakini sitaanza na yeye, kwa sababu ukimchukua shujaa peke yake anageuka sanamu, na sanamu haifundishi mtu kitu. Nataka tumpange kwenye foleni moja na watu wengine waliopambana na sheria za mkoloni bila silaha, wakiwemo wazee wa hapa hapa Isiolo. Halafu tujiulize swali moja tu: ukipinga sheria mbaya, unataka nini hasa? Unataka sheria iondoke, ama unataka wewe uondolewe ndani yake?

Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na mpaka leo tunayachanganya.

Ngazi yenyewe

Kwanza tuelewe mkoloni alijenga nini. Watu wengi hudhani ukoloni Kenya ulikuwa mzungu juu, mwafrika chini, kwisha. Hapana. Ilikuwa ngazi yenye vidato. Juu kabisa Mzungu. Chini yake Mhindi. Halafu Mwarabu, na Msomali akining'inia hapo katikati bila kujua yuko wapi. Chini kabisa yule sheria ilimwita "native", yaani mwenyeji. Kila kidato kilikuwa na kodi yake, shule yake, wodi yake ya hospitali, behewa lake la treni.

Ardhi nzuri ya milimani ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mhindi hata akiwa na pesa ya kununua shamba zima Nakuru, haruhusiwi. Mwafrika mwanaume, kuanzia miaka 16, alibebeshwa kipande kwa sheria iliyopitishwa 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kile kikaratasi kwenye kikopo cha chuma, kinaning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi, kikionyesha umefanya kazi kwa nani na amekuruhusu uondoke ama la.

Na huku kwetu? Huku kulikuwa na sheria za pekee. Ile ya 1902 ya wilaya za pembeni iliiruhusu serikali kufunga eneo zima: huingii wala hutoki bila ruhusa. Baadaye 1934 ikaja nyingine ya wilaya maalum, iliyompa afisa nguvu juu ya makabila mazima, nani akae wapi na mifugo yake inywe maji wapi. Isiolo ikawa makao makuu ya eneo lote la NFD. Ndiyo maana mpaka leo utasikia mzee wa Merti ama Marsabit akisafiri kwenda Nairobi anasema "naenda Kenya." Sio utani. Alizaliwa nyuma ya kizuizi.

Sasa ujanja wa ngazi ni huu: kila mtu ana mtu chini yake. Hata ukionewa, una cha kupoteza, kwa hivyo unaogopa kuanguka kuliko unavyotaka kuiangusha yenyewe.

Mahakamani, msikitini, kwenye sufuria la moto

Huwezi kuongea juu ya Wahindi na mapambano bila silaha ukaacha kumtaja Gandhi, kwa hivyo tumalizane naye mapema. Wengi wanamjua yule mzee wa India, wa maandamano ya chumvi ya 1930. Lakini mbinu zake alizijaribu kwanza hapa Afrika. Mwaka 1906 serikali ya Transvaal, Afrika Kusini, ililetea Wahindi sheria ya kujisajili: alama za vidole, cheti cha kubeba kila mahali, polisi akikuuliza umtolee. Unasikia inafanana na nini?

Wahindi walikataa. Tarehe 16 Agosti 1908 walikusanyika nje ya Msikiti wa Hamidia, Johannesburg, wakatia vyeti zaidi ya 2,000 kwenye sufuria kubwa, wakamwaga mafuta ya taa, wakawasha. Hakuna aliyempiga polisi. Waliofungwa walienda jela kwa miguu yao.

Mimi naipenda hiyo picha. Lakini kuna sehemu ya hadithi ambayo watu huiruka. Miaka kumi na kidogo kabla ya hapo, pale posta ya Durban kulikuwa na milango miwili: mmoja wa Wazungu, mwingine wa Waafrika na Wahindi pamoja. Gandhi na wenzake walilalamika. Walilalamikia nini? Kwamba Wahindi wanaingia mlango mmoja na Waafrika. Serikali ikajibu kwa kuweka mlango wa tatu.

Mlango wa tatu, jamani. Huo ndio ushindi wa mtu aliyepigania kidato chake. Alipanda ngazi, na ngazi ikabaki imara kuliko mwanzo.

Simwambii mtu amchukie Gandhi. Alibadilika na umri, na alichokifanya India ni historia ya dunia nzima. Nasema tu kwamba kutotumia fujo peke yake hakukufanyi uwe upande wa haki. Mbinu ni kitu kimoja, na lengo ni kitu kingine.

Kodi ya 1924

Turudi Kenya. Kufikia 1921 Wahindi hapa walikuwa kama 23,000 na Wazungu hawakufika 10,000. Lakini Wazungu ndio walikuwa na kura. Chama cha Wahindi, East African Indian National Congress, kilikuwa kimeanzishwa tangu 1914, na madai yake yalikuwa wazi: kura moja ya pamoja, haki ya kununua ardhi milimani, na mwisho wa mpango wa kutenga mitaa ya mijini kwa rangi.

Walowezi walifanya nini? Hawa watu ambao vitabu vinawaita wastaarabu walipanga njama ya kumteka nyara gavana na kuishika nchi kwa bunduki kama London ingewapa Wahindi usawa. Serikali ilijua. Hakuna aliyenyongwa. Badala yake wote wakaitwa London kuongea, na Julai 1923 ukatoka ule waraka wa Devonshire. Waraka ulisema Kenya ni nchi ya Waafrika na maslahi yao yatangulie. Maneno matamu. Lakini ukisoma chini, milima ilibaki ya Wazungu, na katika baraza la kutunga sheria Wazungu walipewa viti 11 vya kuchaguliwa, Wahindi 5, Mwarabu 1. Yule Mwafrika ambaye maslahi yake yanatangulia hakupewa hata kimoja, akawekewa mmishonari wa kumsemea.

Wahindi wakakataa. Januari 1924 wakafanya mkutano Mombasa, na aliyeongoza ni mwanamke, Sarojini Naidu, mshairi na mwanasiasa aliyekuja kutoka India. Hebu fikiria: Mombasa, 1924, mwanamke ndiye kwenye kiti cha mbele. Uamuzi ukawa ni kutoshirikiana na serikali: viti vyenu hatuvitaki, na kodi ya kichwa hatulipi.

Kukataa kulipa kodi ni silaha kali kuliko watu wanavyodhani. Mkoloni hakuja kututembelea. Alikuja na mahesabu. Kila afisa, kila askari, kila barabara ililipiwa na kodi. Ukigoma kulipa unamgusa pale anapohisi. Lakini mgomo wa kodi unahitaji watu wavumilie pamoja kwa muda mrefu, na Wahindi wa Kenya hawakuwa kitu kimoja. Mwenye duka kubwa alikuwa na leseni ya kulinda. Fundi seremala hakuwa na akiba. Kampeni ikafifia, na viongozi wakaishia kukubali viti vya kuteuliwa.

Ila kuna mmoja nataka umkumbuke: Manilal Desai. Alikuwa mwandishi na mhariri wa gazeti la East African Chronicle. Huyu alimpa Harry Thuku nafasi ofisini na msaada wa kuchapisha, wakati Thuku anapinga kipande, kodi na kukatwa kwa mishahara ya Waafrika. Thuku alipokamatwa Machi 1922 watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, wakiwa mikono mitupu, na polisi wakafyatua risasi. Zaidi ya watu 20 walikufa, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mmoja wao. Thuku akapelekwa Kismayu, halafu akahamishiwa Marsabit. Yaani huku. Kaskazini ndiko mkoloni alikokuwa anatupa watu asiotaka wasikike.

Wazee waliotaka kodi ipande

Sasa tuje nyumbani, na hii ndiyo sehemu ambayo kila nikiisimulia watu hudhani nimeitunga.

Baada ya Vita vya Kwanza, serikali iliwapa malisho hapa Isiolo Wasomali wa ukoo wa Isaaq, wengi wao wakiwa wametumikia jeshi na polisi wa Mwingereza. Walikuja na ngamia, ng'ombe, biashara na familia. Kwa miaka kadhaa walikuwa wamezoea kuhesabiwa si "native". Kulikuwa na sheria ya 1919 iliyowaondoa baadhi ya Wasomali kwenye kundi hilo kwa mambo fulani.

Halafu 1936 ikaja sheria mpya ya kodi ya kichwa kwa wasio wenyeji. Mhindi alipe shilingi 30. Msomali alipe shilingi 20.

Wewe ungefanya nini? Ungesema alhamdulillahi, ukaweka shilingi 10 mfukoni. Wazee wa Isaaq walikataa. Walisema: tunataka kulipa 30. Walijiita watu wa Asia, uzao wa Sheikh Ishaq aliyetoka Uarabuni, na wakaanza kampeni. Wakaandika barua na maombi mpaka London, wakashirikiana na ndugu zao wa nje ya Kenya, na kuendelea hivyo kwa miaka. Hakuna risasi iliyopigwa.

Ukisikia mara ya kwanza unacheka. Mimi nilicheka pia. Lakini kaa nayo kidogo. Shilingi 10 hazikuwa hoja. Hoja ilikuwa kwamba karatasi iliyosema 20 ilisema pia wewe ni nani. Mtu wa 30 hospitali yake ni nyingine, korti yake ni nyingine, na hafungiwi kwenye eneo kama mifugo ya karantini. Mtu anayeshuka kutoka 30 hadi 20 leo, kesho atashuka hadi chini kabisa, na huko chini kuna kipande, kuna kizuizi, kuna afisa anayekuambia ng'ombe wako wakanywe wapi. Wale wazee waliisoma sheria vizuri kuliko watu wengi wanaosoma sheria leo.

Na bado naona walipotea. Sio kwa mbinu. Kwa ombi. Kwa sababu waliomba waondolewe kwenye kidato, lakini hawakusema kidato chenyewe ni kibaya. Jirani yao Mborana, Msamburu, Mturkana, Mmeru, hakuwa kwenye barua. Ombi lao lilisimama juu ya hoja kwamba wao si kama hawa wengine. Serikali haikuwapa hadhi waliyoitaka, vita vya pili vikaja, na sauti zikazimika.

Historia ikawajibu kwa ukatili. Desemba 1963, muda mfupi baada ya uhuru, serikali mpya ilitangaza hali ya hatari eneo la kaskazini mashariki, na sheria zile, zilizoigusa Isiolo pia, zikadumu mpaka 1991. Askari wa hali ya hatari hakuuliza babu yako alitaka kulipa 20 ama 30. Mwaka 1989 serikali ilipoamua kuwapiga msasa Wasomali wote wa Kenya, wajukuu wa wale wazee walipanga foleni ile ile na kila mtu. Ngazi uliyoiacha imesimama huja kukuangukia.

Kalasinga wa Lokitaung

Sasa ndiyo tunafika kwa Makhan Singh.

Alizaliwa Punjab 1913, akaja Kenya 1927 akiwa na miaka 13, kumfuata baba yake ambaye alikuwa fundi. Kijana alikuwa na kichwa kizuri, alimaliza shule Nairobi, akapita mtihani, lakini pesa ya chuo kikuu haikuwepo. Akaingia kufanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kuchapisha cha baba yake. Mimi pia niliacha chuo kwa karo, kwa hivyo hapa nilisimama kidogo niliposoma. Jamaa hakukaa kulia kuhusu digrii. Alikuwa na mashine ya kuchapa, akajua hiyo ni sauti.

Mwaka 1935 akawa katibu wa chama cha wafanyakazi Wahindi, na jambo la kwanza la maana walilofanya ni kuondoa neno "Wahindi" kwenye jina. Kikaitwa Labour Trade Union of Kenya, baadaye ya East Africa, na mlango ukawa wazi kwa mfanyakazi wa rangi yoyote. Soma hiyo sentensi tena ukikumbuka ile posta ya Durban. Mwingine alitaka mlango wa tatu. Huyu aliung'oa mlango.

1937 chama kikaongoza mgomo Nairobi uliochukua siku 62. Na waajiri waliogomewa, wengi walikuwa wakandarasi Wahindi. Yaani alianza na watu wake mwenyewe. Mgomo ulileta nyongeza ya mshahara kati ya asilimia 15 na 22 na siku ya kazi ya saa 8. Unajua ukimgusa tajiri wa jamii yako atakuita nini. Msaliti. Sasa unaelewa kwa nini jina lake halitajwi sana hata na Wahindi wenyewe.

Akaenda India mwishoni mwa 1939, Mwingereza akamkamata huko 1940 na kumweka kizuizini miaka karibu mitano. Aliporudi Kenya Agosti 1947 alipokewa na amri ya kuondoka. Akakataa. 1948 wakamkamata wamfukuze, akaenda kortini, korti ikasema ni mkazi halali. Serikali iliposhindwa na sheria iliyokuwepo, ikatengeneza nyingine 1949 ya kuwafukuza raia wa Uingereza waliohamia Kenya. Hapo ndipo unajua unawasumbua: wanapokuandikia sheria yako.

Mei Mosi 1949, yeye na Fred Kubai wakaanzisha East African Trade Union Congress, Kubai rais, Singh katibu mkuu. Tarehe 23 Aprili 1950, kwenye ukumbi wa Kaloleni, katika mkutano wa pamoja wa Waafrika wa KAU na chama cha Wahindi, Makhan Singh alisimama kuleta azimio: uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwaka 1950! Wakati ule wanasiasa wengi walikuwa bado wanaomba viti viwili vitatu zaidi barazani.

Tarehe 15 Mei akakamatwa pamoja na Kubai. Kesho yake Nairobi ikasimama. Mgomo mkuu ulichukua siku tisa hivi. Wafanyakazi Waafrika waligoma kwa sababu Mwafrika na Kalasinga wamekamatwa pamoja. Mkoloni alikuwa hajawahi kuona kitu kama hicho, na hicho ndicho kilichomwogopesha kuliko panga lolote. Ngazi inasimama tu kama watu wa vidato tofauti hawaongei.

Kesi ilisikizwa Nyeri mbele ya Jaji Thacker, yule yule aliyekuja kumfunga Kenyatta Kapenguria miaka miwili baadaye. Singh hakuomba msamaha. Alisema kortini kwamba Mwingereza hana haki ya kuitawala Kenya. Akapelekwa Lokitaung, kule Turkana, halafu Maralal, halafu Dol Dol. Maralal na Dol Dol ni majirani zetu. Mara kwa mara aliambiwa yuko huru kuondoka, mradi aende India na asirudi. Mlango ulikuwa wazi miaka yote hiyo. Akakaa. Aliachiliwa Oktoba 1961.

Hiyo ndiyo sehemu inayonishinda. Kufungwa ni kitu unachofanyiwa. Lakini kukaa ndani wakati ufunguo uko mkononi mwako, kwa sababu ukitoka utakuwa umekubali kwamba hii si nchi yako, hiyo ni kazi ya kila asubuhi. Asubuhi zaidi ya 4,000.

Baada ya uhuru hakupewa wadhifa wa maana. Akaandika kitabu cha historia ya vyama vya wafanyakazi Kenya, kikatoka 1969, na akafariki Mei 1973. Na sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi? Serikali huru ilitunga ya kwake 1966 na kuitumia kwa Wakenya.

"Lakini amani haileti kitu"

Najua kuna mtu anasoma hapa akisema: wewe, Mau Mau ndio walileta uhuru, sio Kalasinga na maazimio. Sitabishana na damu ya watu wa msituni. Singh mwenyewe hakuwa mfuasi wa Gandhi. Alikuwa mkomunisti, na hakujifanya kitu kingine. Ninachosema ni kwamba silaha zake, yaani mgomo, kususia, korti na kukataa kuondoka, zilifanya jambo ambalo bunduki huku kwetu haikuweza.

Maana huku bunduki tulijaribu. Vita vya shifta vilianza 1963. Juni mwaka huo Daudi Dabasso Wabera, DC wa kwanza Mwafrika wa Isiolo, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Wodi ya Wabera imepata jina hapo. Jibu la serikali lilikuwa kukusanya watu kambini na kupiga risasi mifugo. Wazee wa Waborana wanakiita kipindi kile Gaafa Dhaabaa, wakati wa kusimamishwa. Familia zilizokuwa na ng'ombe mia zilitoka hazina hata mbuzi. Waliokufa wengi hawakuwahi kushika bunduki. Ukitaka kujua kwa nini Isiolo ni maskini, usianze na ukame. Anza hapo.

Bunduki inampa mwenye nguvu sababu ya kutumia nguvu zaidi. Mgomo unamlazimisha ajieleze.

Foleni ya kitambulisho

Nilipofika miaka 18 nilienda kuchukua kitambulisho kwenye ofisi fulani. Niliambiwa nilete cha baba, cha mama, cha babu, halafu nije mbele ya kamati ya wazee waulize mimi ni mtoto wa nani. Rafiki yangu wa shule moja, dawati moja, jina lake la kule milimani, alimaliza siku moja. Mimi nilimaliza miezi saba. Mnaotoka huku mnajua. Mnaotoka kwingine, sasa mnajua.

Mwezi Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitia saini tangazo la kuondoa huo msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Watu walishangilia, na mimi sikununa. Lakini tangazo si sheria ya Bunge. Mkono uliotia saini leo unaweza kufuta kesho. Na nilipokuwa nikisikiliza mazungumzo mtaani, Bula Pesa mpaka Kulamawe, nilisikia ule wimbo wa zamani wa shilingi 30. Msomali anasema sisi tumekaa hapa tangu mkoloni, tusiwekwe na hao waliokuja juzi. Mborana anasema sisi ndio wenyeji, msasa uwe wa Wasomali. Mturkana anauliza kwani yeye yuko kwenye tangazo ama hayuko. Kila mtu anaandika barua yake London.

Juni 2024 vijana wa nchi hii walifanya kitu Singh angekitambua. Walisema hatuna kabila, hatuna chama, hatuna kiongozi. Mswada wa Fedha ulirudishwa tarehe 26 Juni, siku moja baada ya watu kupigwa risasi wakiwa wameshika bendera na simu. Kilichofanya kazi ni kwamba serikali haikupata kidato cha kuzungumza nacho pembeni. Haikuweza kuita wazee wa jamii moja ikawapa shilingi 10.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na unaweza kukataa. Kila ukiletewa karatasi ya kutia saini kupinga sheria fulani, soma ombi lenyewe kabla hujaangalia ni nani ameliandika. Kama linasema "jamii yetu iondolewe", rudisha kalamu. Ongeza jirani yako. Ongeza yule usiyempenda. Ongeza hata yule ambaye wazee wako walikuambia ni wa kidato cha chini. Barua yenye majina ya makabila matano ya Isiolo ni ngumu kuijibu kuliko barua tano za kabila moja moja.

Na mkiitwa ofisini mmoja mmoja, kwa heshima, na chai, na ahadi kwamba nyinyi mtafikiriwa, kumbukeni kuna mtu alikaa Lokitaung, Maralal na Dol Dol na ufunguo mkononi. Semeni asante kwa chai. Halafu mwambieni mkubwa: tuko wengi nje, tutaingia wote.